Msisubiri Ada Yote Itimie

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za elimu za sharika, iliyohudhuriwa pia na wageni kutoka sharika rafiki



Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya namna sharika zinavyoweza kuwasaidia vijana wetu wanaotaka kuendelea na masomo ya juu ya sayansi. Nimechagua somo moja tu, fizikia, kwa sababu ndilo lililonifundisha nilipokosea. Nitaanza na kosa lenyewe.

Mwezi Agosti mwaka 2022 kijana mmoja wa usharika wetu alifika ofisini kwangu. Alikuwa na shahada ya kwanza ya fizikia, daraja la pili la juu, wastani wa 4.1. Alikuwa akifundisha kwa kujitolea katika shule ya sekondari ya kata. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe mmoja ili kijana afanye mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vya nje, naye alikuwa ameufaulu mwezi Aprili. Aliomba shilingi 900,000: pasipoti, transkripti, na ada za maombi za vyuo vichache.

Nilipeleka ombi lake kwenye kamati, nami ndiye niliyekuwa katibu. Swali la kwanza lilikuwa, "Na ada ya masomo je?" Kijana akajibu kwamba ufadhili anauomba huko huko chuoni, pamoja na nafasi. Hatukumwelewa. Mzee mmoja akasema, na wote tukacheka, kwamba mtu hanunui kengele kabla ya kujenga kanisa. Tukakubaliana tufanye harambee ya ada yote kwanza. Tulikadiria shilingi milioni 45.

Harambee ilifanyika Februari 2023. Zilipatikana shilingi 7,350,000. Watu walitoa kwa moyo. Wapo waliotoa mbuzi. Lakini vyuo alivyokuwa amevikusudia vilikuwa vimeshafunga kupokea maombi tangu Disemba. Fedha zikawekwa benki "mpaka lengo litimie". Msimu uliofuata wa maombi ukaja na kupita, na lengo halikutimia. Mwaka 2024 kamati ikaomba kibali cha kuzihamishia kwenye ukarabati wa nyumba ya mwinjilisti, na kibali kikatolewa. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Hesabu zote zipo na zimekaguliwa. Lakini Aprili mwaka huo huo matokeo yake ya mtihani wa Kiingereza yalifikisha miaka miwili, ambao ndio muda wake wa kutumika. Ng'ombe wa baba yake alikuwa amekwenda bure.

Ndugu wajumbe, tulikuwa na shilingi milioni saba benki, na kijana alikuwa ameomba laki tisa. Sisi tuliona anataka kengele, kumbe alikuwa anaomba ufunguo wa mlango.

Nani hulipia masomo haya?

Kosa letu lilitokana na kutojua. Tulidhani masomo ya juu yanalipiwa kama sekondari: mzazi analipa ada, mtoto anasoma. Kwa fizikia mambo ni tofauti, nami naomba tulielewe hili kabla ya kwenda mbele.

Katika vyuo vikuu vingi vya nje, mwanafunzi wa uzamivu wa fizikia ni kama fundi anayejifunza kazini. Anafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza maabara, anasahihisha kazi zao, anafanya utafiti chini ya profesa. Kwa sababu hiyo idara humsamehe ada na kumpa posho ya kuishi. Ndivyo ilivyozoeleka Marekani, ambako vyuo vingi humpokea kwa uzamivu hata mwenye shahada ya kwanza tu. Lakini angalieni: masharti ya viza za Marekani kwa raia wa nchi nyingi za Afrika yalikazwa mwaka 2025. Kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi kwa chuo cha huko, ulizeni kwanza kama mwanafunzi wetu ataruhusiwa kuingia.

Kwa uzamili ziko njia nyingine. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Umoja wa Ulaya una programu za Erasmus Mundus, ambazo tangu mwaka 2021 humpa mwenye ufadhili euro 1,400 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa akina dada, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha mwaka 2020 ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie. Huo hulipa hadi euro 10,000 kwa mwaka za ada na hadi euro 10,000 nyingine za kuishi, kwa uzamili wa masomo yanayohusu nyuklia, na fizikia ya tiba ikiwemo.

Karibu na nyumbani, jijini Kigali, iko Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, iliyoanza mwaka 2018 chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Inatoa uzamili na uzamivu wa fizikia. Hapa nchini uzamili wa fizikia unapatikana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba mikopo ya Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa imelenga shahada ya kwanza, hivyo anayesoma uzamili nyumbani mara nyingi ndiye mwenye shida zaidi ya ada. Hilo nalo tulikumbuke.

Msidanganywe na neno "bure". Vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada ya masomo. Lakini anayeomba viza bila ufadhili hutakiwa kuonyesha fedha za kuishi mwaka mzima zilizofungiwa katika akaunti maalum. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilikuwa euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni 30. Usharika usimpeleke mtoto huko kwa kusikia tu kwamba ada hakuna.

Gharama za mlangoni

Kama ada hulipwa na wengine, basi usharika una kazi gani? Kazi yake iko mlangoni. Kabla mfadhili hajamwona kijana wetu, kijana lazima avuke vizingiti vidogo vidogo ambavyo mara nyingi ufadhili hauvilipii. Pasipoti ni shilingi 150,000. Kuna transkripti na kuzithibitisha. Kuna mtihani wa Kiingereza, ingawa vyuo kadhaa hukubali barua ya chuo chake kwamba alifundishwa kwa Kiingereza. Aulize kabla ya kulipa. Kuna ada za maombi, ambazo kwa vyuo vya Marekani mara nyingi huanzia dola 50 na kuzidi 100 kwa chuo kimoja, ingawa baadhi husamehe ukiandika kuomba. Kuna nauli ya kwenda ubalozini Dar es Salaam na kulala huko. Kisha viza.

Halafu kuna tiketi ya ndege. Hapa ndipo wengi hukwama wakiwa wameshapata nafasi. Wapo wafadhili wanaolipa tiketi lakini kwa kurejesha: mwanafunzi ananunua kwanza, anafika, anapeleka risiti, analipwa baada ya wiki kadhaa. Mtoto wa mkulima anayetegemea msimu hana pa kuazima milioni mbili kwa wiki sita.

Tazameni pia kalenda. Maombi mengi ya kuanza masomo Septemba hufungwa kati ya Oktoba ya mwaka unaotangulia na Januari ya mwaka wenyewe. Maana yake fedha za mlangoni zinahitajika Agosti hadi Disemba. Sisi harambee zetu za elimu tunazifanya Januari na Februari, kwa sababu ndipo ada za sekondari zinapotukaba. Tunachanga vizuri, ila tunachanga wakati mlango umeshafungwa.

Mfuko wa watoto wa wakulima wadogo

Niwape mfano wa kweli. Mwaka 1926 alizaliwa Abdus Salam, katika mji mdogo wa Jhang, katika nchi ambayo leo ni Pakistan. Kijana huyo alikuwa hodari wa hisabati. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyopata nafasi ya kwenda Cambridge. Fedha zilikuwa zimechangwa katika jimbo la Punjab kwa ajili ya vita. Vita vikaisha kabla hazijatumika. Ikaamuliwa zisomeshe watoto wa wakulima wadogo nje ya nchi. Walichaguliwa vijana watano. Salam alipata chuo mwaka huo huo wa 1946, akaondoka. Wenzake wanne waliambiwa wasubiri mwaka unaofuata. Mwaka 1947 India ikagawanyika, na ule mfuko ukapotea. Hawakwenda.

Mwaka 1979 Salam alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Wamarekani wawili. Wale wanne hatujui wangekuwa nani. Kila nikisoma habari hiyo namkumbuka kijana wa laki tisa. Tofauti kati ya Salam na wenzake ilikuwa msimu mmoja tu wa maombi.

Habari hiyo ina sehemu ya pili, inayojibu swali mnaloniuliza kila mara: "Tukimsomesha, atarudi?" Salam alirudi. Mwaka 1951 alikwenda kufundisha Lahore. Lakini hakukuwa na mwenzake wa kuzungumza naye fizikia, wala majarida mapya, wala nafasi ya utafiti. Mwaka 1954 aliondoka tena. Jambo hilo lilimuuma, na mwaka 1964 akaanzisha kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, ili mwanasayansi wa nchi maskini aweze kuishi na kufundisha kwao, huku akienda Trieste mara kwa mara kukutana na wenzake. Kituo hicho, ambacho leo kina jina lake, kinatoa pia stashahada ya mwaka mmoja baada ya shahada, kwa ufadhili, kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Hata ile taasisi ya Kigali niliyoitaja ni mshirika wake.

Kwa hiyo nawajibu hivi: anayekwenda hurudi akiwa na mahali pa kurudi. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa mfano humtaka mwanafunzi aahidi kurudi kwao. Ahadi ni njema. Lakini tusimwapishe kijana mbele ya madhabahu halafu tusijiulize atakuta nini akirudi. Tumwandikie akiwa huko. Tumwambie hospitali gani inatafuta mtu, chuo gani kimetangaza nafasi. Na asiporudi mara moja, bado anaweza kuwasaidia wadogo zake kuandika maombi, jambo ambalo sisi ofisini hatuliwezi vizuri.

Fizikia itatusaidia nini?

Swali hili liliulizwa na baba mmoja mwaka 2024, tulipoletewa ombi la binti aliyetaka kusoma fizikia ya tiba. Baba huyo alisema angeelewa kama ni udaktari au uuguzi. Kabla sijajibu, mama mmoja wa kamati aliinua mkono. Alisema alikaa wiki sita Dar es Salaam akimuuguza dada yake katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Siku mbili mashine ya mionzi haikutumika asubuhi mpaka mtaalamu mmoja alipomaliza kuipima. Aliuliza kama yule ni daktari. Akaambiwa hapana, ni mtu wa fizikia.

Mama yule alieleza vizuri kuliko mimi. Daktari ndiye anayeamua mgonjwa apewe mionzi kiasi gani na wapi. Lakini kuhakikisha kwamba mashine inatoa kiasi hicho hasa, wala si pungufu wala zaidi, ni kazi ya mwanafizikia. Kwenye mashine zinazotumia kobalti-60, nguvu ya chanzo hupungua kufikia nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, hivyo muda wa kumhudumia mgonjwa lazima ukokotolewe upya wakati wote. Ukikosea kwa kuzidisha, unamchoma mgonjwa. Ukikosea kwa kupunguza, uvimbe unabaki. Kanisa letu linahangaika na hospitali tangu enzi za wamisionari. Haliwezi kusema fizikia haituhusu.

Kamati ilipitisha ombi la binti yule siku ile ile. Tulitoa shilingi 1,180,000 mwezi Septemba 2024. Aliomba nafasi nne. Alikataliwa tatu. Ya nne, programu moja ya Ulaya, ilimpokea kwa ufadhili kamili. Tukamkopesha fedha ya tiketi kwa maandishi. Aliondoka Septemba 2025, na Novemba fedha ya tiketi ilikuwa imerudi kwenye akaunti yetu yote.

Mambo ya kuangalia kwenye kamati

Ndugu wajumbe, naomba mwandike haya.

Kwanza, barua ya mchungaji ni njema lakini haitoshi. Vyuo vinataka barua mbili au tatu za wahadhiri waliomfundisha mwombaji, wanaoweza kusema alivyofanya mradi wake wa mwaka wa mwisho. Mwambieni kijana awaombe wahadhiri mapema, angalau wiki sita kabla, na awakumbushe kwa adabu. Maombi mengi mazuri hufa kwa barua moja isiyotumwa.

Pili, katika maelezo binafsi kijana asianze na umaskini wa nyumbani. Sisi ndio tumewazoesha hivyo, kwa sababu ndivyo tunavyoandikia wafadhili. Kamati ya udahili wa fizikia inataka kujua anapenda tatizo gani la fizikia, amefanya nini kulihusu, na kwa nini anataka kulisomea pale. Shida za nyumbani zikae mahali pake, kwa sentensi mbili.

Tatu, asiombe chuo kimoja. Achague vinne au vitano, na kimojawapo kiwe cha karibu nasi.

Nne, tusilipe wakala. Wapo watu wanaoahidi "nafasi na viza" kwa malipo ya mkononi au kwa simu. Fedha ilipwe moja kwa moja kwa chuo, kwa taasisi ya mtihani au kwa idara ya uhamiaji, na risiti ije kamati.

Tano, akikataliwa asionekane amepoteza fedha za usharika. Binti yetu alikataliwa mara tatu. Mkulima hapandi mbegu moja shimo moja akalala.

Ombi langu

Naleta mbele yenu pendekezo la mfuko mdogo wa dayosisi, nao uwe wa gharama za mlangoni tu. Kila usharika utoe mnada wa Jumapili moja ya mwezi Julai, wakati mavuno yapo. Mwombaji mmoja asipewe zaidi ya shilingi 1,500,000. Ombi lijibiwe ndani ya siku 14, ndiyo au hapana, kwa maandishi. Fedha ya tiketi iwe mkopo usio na riba pale ambapo mfadhili ataurejesha. Na mwombaji wa kusoma hapa hapa nchini apewe haki sawa na wa kwenda nje.

Kwa wageni wetu kutoka sharika rafiki nina neno moja. Mmekuwa mkitusaidia kwa uaminifu, na mara nyingi misaada yenu huja na maelekezo kwamba ni ya ada. Tunawaomba mruhusu sehemu yake itumike kabla ya ada. Hatutaweza kuwaletea picha ya jengo wala ya mwanafunzi aliyevaa joho. Tutawaletea risiti ya pasipoti na barua ya chuo, nyingine zikiwa za kukataliwa. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Mwisho, kuhusu yule kijana. Nilimtembelea shuleni kwake mwezi uliopita. Bado anafundisha, sasa akiwa ameajiriwa. Nilimwomba radhi kwa niaba ya kamati na kwa niaba yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mratibu, msinipe pole. Nilipieni mtihani, nitaufanya tena." Nikamuuliza kuhusu baba yake. Akasema mzee ameshafuga ng'ombe mwingine, lakini safari hii hamruhusu auzwe.

Ombi lake liko mezani kwa katibu, la kwanza kabisa kwa mfuko huu kama mtaupitisha leo. Nawaomba tusiende kula kabla hatujalijibu.